Upotevu wa Sehemu ya Kromosomu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa huulizwa zaidi na wazazi waliokabidhiwa karatasi ya majibu ya maabara, na pia na wanafunzi wa biolojia wanaokutana na jambo hili kwa mara ya kwanza. Yote yanahusu upotevu wa sehemu ya kromosomu, ambao katika ripoti za maabara huitwa delisheni. Majibu hayachukui nafasi ya mazungumzo na daktari anayemfahamu mgonjwa, ila yanaweza kumsaidia msomaji kuingia katika mazungumzo hayo akijua la kuuliza.

Inamaanisha nini mtu anapoambiwa kwamba sehemu ya kromosomu yake imepotea?

Ndani ya kiini cha karibu kila seli ya mwili wa binadamu mna kromosomu 46, zilizo katika jozi 23, na katika kila jozi kromosomu moja imetoka kwa mama na nyingine kwa baba. (Idadi hiyo, ambayo leo kila mwanafunzi huikariri, ilijulikana kwa hakika mwaka 1956 tu kutokana na kazi ya Joe Hin Tjio na Albert Levan, kabla ya hapo vitabu viliandika 48.) Kila kromosomu ni uzi mmoja mrefu wa DNA uliosokotwa na kufungashwa pamoja na protini, na juu ya uzi huo yameandikwa, kwa herufi nne za kikemia, maelekezo ambayo seli huyafuata. Seti moja ya kromosomu 23 ina herufi zipatazo bilioni 3, na jeni (vipande vya maelekezo hayo, kila kimoja na kazi yake) za kutengenezea protini zipatazo 20,000.

Delisheni ni kukosekana kwa kipande cha uzi huo. Kipande chenyewe kinaweza kuwa herufi chache tu ndani ya jeni moja, au kikawa mamilioni ya herufi yaliyobeba jeni makumi kwa makumi. Kikikatika mwishoni mwa kromosomu huitwa upotevu wa ncha, na kikitoka katikati, kisha pande mbili zilizobaki zikaungana, huitwa upotevu wa katikati. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba kwa kawaida kromosomu ya pili katika jozi hiyo ni nzima. Mtu hakuzikosa jeni zile kabisa, bali amebakiwa na nakala moja mahali ambapo wengine wana mbili, na maswali mengi yanayofuata yanatokana na tofauti hiyo.

Kipande hicho hupotea vipi, na huenda wapi?

Uzi wa DNA hukatika mara nyingi katika maisha ya seli, na seli ina vimeng'enya vya kuunganisha sehemu zilizokatika. Tatizo huanza pale nyuzi zinapokatika mahali pawili kwa wakati mmoja, kisha ncha zisizohusiana zikaunganishwa na kipande cha katikati kikaachwa nje. Kipande kilichoachwa hakina sentromea, yaani ile sehemu iliyominywa ya kromosomu ambayo nyuzi za mgawanyiko huishika ili kuivuta upande mmoja wa seli. Kisichoshikwa hakivutwi: seli inapogawanyika, kipande hubaki nje ya viini viwili vipya, humeng'enywa na kutoweka. Ndiyo maana hasara hii hairekebishiki kwa wakati, kwani seli zinazozaliwa baadaye hazina kabisa nakala ya kuirejelea ndani ya kromosomu hiyo.

Njia ya pili ni ya kuvutia zaidi, na ndiyo inayoeleza kwa nini watu wasio na undugu wowote hupoteza kipande kilekile. Katika baadhi ya kromosomu kuna mafungu marefu ya herufi yanayojirudia karibu bila tofauti, umbali fulani baina ya moja na jingine. Wakati yai au mbegu ya kiume inapotengenezwa, kromosomu za jozi moja hulala sambamba na kubadilishana vipande. Fungu la kwanza la kromosomu moja likijipanga kwa makosa mbele ya fungu la pili la mwenzake, ubadilishanaji huwa wa upande mmoja: kromosomu moja hutoka na eneo lililorudiwa mara mbili, na nyingine hutoka bila eneo hilo. Kwa watu wengi wenye upotevu wa 22q11.2 (hii ni anwani ya eneo dogo la kromosomu ya 22, na namna ya kusoma anwani kama hizi imeelezwa mbele), kipande kinachokosekana kina urefu uleule wa herufi zipatazo milioni 3, kwa sababu mafungu yanayojirudia yamekaa mahali palepale kwa binadamu wote.

Zipo njia nyingine. Kromosomu inaweza kukatika ncha zote mbili na kujifunga kama pete, na ikapoteza kilichokuwa ncha hizo. Au mzazi anaweza kuwa na vipande viwili vilivyohamishana kati ya kromosomu mbili bila chochote kupungua, akawa mzima kabisa, lakini mtoto akarithi kromosomu moja tu kati ya hizo mbili zilizobadilika. Mnururisho mkali nao huvunja kromosomu, jambo lililoonyeshwa kwa nzi wa matunda tangu miaka ya 1920, Hermann Muller alipotumia miale ya eksirei.

Je, kuna jambo ambalo mama au baba alilifanya hata likatokea?

Hapana. Wazazi wengi hulibeba swali hili muda mrefu kabla ya kuthubutu kulitamka, kwa hiyo jibu linastahili kutolewa waziwazi na mapema. Delisheni nyingi hutokea upya wakati wa kutengenezwa kwa yai au mbegu ya kiume, yaani kabla ya mimba kutungwa, kutokana na ule mpangilio wa herufi uliomo ndani ya kila binadamu. Chakula, kazi nzito, ugomvi wa nyumbani, dawa ya kichwa iliyomezwa katika wiki za mwanzo za ujauzito: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokata kipande cha kromosomu ya 5 au ya 22 katika kila seli ya mtoto.

Umri wa mama, ambao huongeza uwezekano wa mtoto kuwa na kromosomu ya ziada ya 21, hauna uhusiano wa namna hiyo na delisheni hizi. Hata kuhusu mnururisho, watoto waliotungwa baada ya vita na wazazi walionusurika mabomu ya Hiroshima na Nagasaki wamefuatiliwa kwa miongo mingi bila kuonekana ongezeko la wazi la kasoro za kurithi.

Kwa nini upotevu mdogo huweza kuleta madhara makubwa, na mkubwa ukaleta madogo?

Kwa sababu jeni hazikutawanywa sawasawa juu ya kromosomu, na hazina uzito sawa. Yapo maeneo marefu yenye jeni chache, na yapo maeneo mafupi yaliyosongamana. Anayesoma ripoti kwa kutazama urefu wa kipande peke yake atapotoka. Swali la kwanza linapaswa kuwa ni jeni zipi zilizokuwa humo.

Jeni nyingi huvumilia kubaki na nakala moja, kwa kuwa nakala hiyo hutoa protini ya kutosha. Nyingine hazivumilii. Mfano ulio wazi kuliko yote ni jeni ya elastini iliyoko katika kromosomu ya 7. Elastini ndiyo protini inayoupa mshipa mkuu wa damu uwezo wa kutanuka na kurudi. Watu wenye sindromu (yaani mkusanyiko wa dalili zinazoambatana) ya Williams hupoteza eneo lenye jeni 26 hadi 28, elastini ikiwa mojawapo, na wengi wao huwa na mshipa mkuu uliobanwa juu kidogo ya moyo. Kwamba ubanaji huo unatokana na elastini na si na jirani zake, tunajua kwa sababu zipo familia zenye kasoro katika jeni hiyo moja tu, na watu wa familia hizo hupata ubanaji uleule bila dalili nyingine za sindromu.

Namna nyingine ya madhara ni ya kufichua. Mtu anaweza kuwa amerithi kwa mzazi mmoja nakala yenye kasoro isiyomdhuru kwa sababu nakala ya pili inaifunika. Ile ya pili ikipotea pamoja na kipande, yenye kasoro hubaki peke yake na ugonjwa hujitokeza. Watoto wawili wenye upotevu unaolingana kwa kila herufi wanaweza basi kutofautiana sana, kwa kuwa wametofautiana katika kile kilichobaki.

Wanaume wana kromosomu moja tu ya X, na hapo hakuna nakala ya kufunika. Upotevu wa sehemu za jeni ya distrofini iliyo juu ya X ndio chanzo cha visa vingi vya ugonjwa wa Duchenne wa kudhoofika kwa misuli, ilhali mama wa mtoto huyo anaweza kuwa na upotevu uleule na asihisi chochote.

Inawezekanaje upotevu wa eneo moja la kromosomu ya 15 ulete magonjwa mawili yasiyofanana?

Eneo hilo ni 15q11 hadi 15q13. Likipotea katika kromosomu iliyotoka kwa baba, mtoto huzaliwa akiwa mlegevu, hunyonya kwa shida, na baada ya miaka michache hushikwa na njaa isiyokoma. Hii ndiyo sindromu ya Prader-Willi, iliyoelezwa nchini Uswisi mwaka 1956. Likipotea katika kromosomu iliyotoka kwa mama, mtoto huchelewa sana kuzungumza au hazungumzi, hupata kifafa, hutembea kwa kuyumba na hucheka mara kwa mara. Hii ni sindromu ya Angelman, ambayo daktari Mwingereza Harry Angelman aliieleza mwaka 1965.

Sababu ni kwamba baadhi ya jeni huwekewa alama ya kikemia inayoonyesha zimetoka kwa nani, na nakala ya mzazi mmoja hunyamazishwa. Katika eneo hili, kundi moja la jeni hufanya kazi kutoka kwa baba tu, na jeni iitwayo UBE3A hufanya kazi katika seli za ubongo kutoka kwa mama tu. Nakala ya pili ipo, ni nzima, na imenyamaza. Kwangu mimi, hakuna mfano mwingine unaoonyesha vizuri zaidi kwamba kuhesabu nakala hakutoshi mpaka tujue ni nakala ya nani.

Ni hali zipi zinazoonekana zaidi?

Inayoongoza ni upotevu wa 22q11.2, unaokadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya 2,000 hadi 4,000. Umewahi kupewa majina mengi, likiwemo la Angelo DiGeorge, kwa sababu madaktari wa moyo, wa kingamwili na wa kaakaa kila mmoja alikuwa akiona upande wake wa ugonjwa mmoja. Mtoto anaweza kuwa na kasoro katika mishipa mikuu inayotoka moyoni, kaakaa lililopasuka au lisilofunga vizuri hata sauti ikatokea puani, kiwango kidogo cha kalsiamu kinachoweza kumletea degedege siku chache baada ya kuzaliwa, na tezi ya thaimasi, ambamo seli za kinga hukomaa, iliyo ndogo. Wengine hawana kasoro ya moyo hata kidogo na hugunduliwa wakiwa shuleni kwa sababu ya ugumu wa kujifunza, au ukubwani, kwani takribani mtu mmoja kati ya wanne wenye upotevu huu hupata skizofrenia au ugonjwa wa akili unaokaribiana nayo.

Upotevu wa mkono mfupi wa kromosomu ya 5 (sentromea huigawa kromosomu katika mikono miwili, mmoja mfupi na mmoja mrefu) ulielezwa na Jérôme Lejeune mwaka 1963 nchini Ufaransa. Mtoto mchanga hulia kwa sauti nyembamba inayofanana na ya paka kutokana na umbo la zoloto lake, na kilio hicho hufifia kadiri anavyokua, kwa hiyo anayepimwa akiwa mkubwa huenda asiwe nacho. Upotevu wa ncha ya mkono mfupi wa kromosomu ya 4, uitwao sindromu ya Wolf-Hirschhorn, huambatana na udogo wa mwili, kuchelewa kukua na kifafa. Upotevu wa 1p36 nao si nadra kama ulivyodhaniwa zamani. Ulikuwa haugunduliki kwa urahisi kwa sababu ncha hiyo ya kromosomu hupauka chini ya hadubini na jicho huipita.

Sindromu ya Williams nimekwisha kuitaja. Ni haki kuongeza kwamba wenye hali hii huwa wachangamfu kwa wageni kupita kawaida, na wengi hupenda muziki kwa dhati. Tabia hii humfurahisha anayekutana nao, lakini inamtaka mzazi awe macho, kwani mtoto asiyemwogopa mtu yeyote ni rahisi kudanganywa.

Kupoteza kipande na kupoteza kromosomu nzima vinatofautianaje?

Mimba ya binadamu iliyokosa kromosomu nzima kati ya zile jozi 22 zisizo za jinsia haifiki mwisho. Upungufu huo ni mkubwa mno. Isipokuwa X: msichana mwenye X moja tu ana sindromu ya Turner, inayompata mmoja kati ya wasichana 2,000 hadi 2,500, ijapokuwa mimba nyingi za namna hiyo huharibika mapema.

Kromosomu Y ina habari yake. Kadiri wanaume wanavyozeeka, baadhi ya seli zao za damu huipoteza yote. Miongoni mwa wanaume wa umri wa miaka 70 waliochunguzwa Uingereza, takribani wawili kati ya watano walikuwa na kiasi fulani cha seli hizo. Uvutaji wa sigara huongeza uwezekano. Upotevu huu haurithiwi, kwa kuwa umetokea katika damu na si katika mbegu za kiume.

Upotevu hugunduliwaje, na kwa nini kipimo cha kwanza kilisema kila kitu ni sawa?

Kipimo cha zamani ni karayotaipu: seli za damu hukuzwa maabara, husimamishwa zikiwa katikati ya mgawanyiko, hutiwa rangi inayochora milia myeusi na myeupe juu ya kromosomu, kisha mtaalamu huzipanga na kuzilinganisha kwa jicho. Jicho hilo, hata likiwa la bingwa, haliwezi kuona pengo lililo chini ya herufi zipatazo milioni 5. Upotevu wa 22q11.2 una milioni 3, na wa sindromu ya Williams hauzidi milioni 2. Kwa hiyo karayotaipu iliyo ya kawaida haikuwa na makosa. Iliulizwa swali ambalo haina uwezo wa kulijibu.

Kwa upotevu mdogo, na pale daktari anapojua anachokitafuta, hutumika vipande vya DNA vyenye rangi ya kung'aa vinavyojishikiza mahali mahususi. Kromosomu mbili zikionyesha taa moja tu badala ya mbili, eneo hilo limekosekana upande mmoja. Pale asipojua, hutumika maikroarei, ambayo hulinganisha wingi wa DNA ya mgonjwa katika maelfu ya sehemu za kromosomu zote kwa mara moja. Udhaifu wa maikroarei ni kwamba huhesabu tu. Haioni vipande vilivyohama bila kupungua, na haimwambii mtu kwamba kromosomu imejifunga kama pete. Ndiyo maana daktari anaweza kuomba karayotaipu baada ya maikroarei, jambo ambalo wazazi wengi hulidhania kuwa ni kurudi nyuma.

Usomaji wa herufi zote za DNA nao sasa unatumika kutafuta mapengo, na huyaona hata yaliyo ndani ya jeni moja.

Ripoti imeandikwa 46,XX,del(5)(p15.2). Isomwe vipi?

Nambari ya kwanza ni jumla ya kromosomu. Mtu ana zote 46, kwa sababu kromosomu iliyopungukiwa bado inahesabiwa. XX ni msichana. Kifupi del ni upotevu, na 5 ni kromosomu iliyopungua. Herufi p ni mkono mfupi, kutokana na neno la Kifaransa lenye maana ya ndogo, na q ni mkono mrefu. Nambari zinazofuata ni anwani: eneo la 1, mlia wa 5, sehemu ya 2 ya mlia huo, kwa hiyo husomwa moja-tano-nukta-mbili na si kumi na tano. Kwa kuwa imetajwa anwani moja tu, kromosomu imekatika hapo na kila kilichokuwa kuelekea nchani kimekwenda. Zikitajwa mbili, kilichopotea kiko kati yake.

Ripoti ya maikroarei huwa na nambari ndefu mbili ambazo ni herufi ya mwanzo na ya mwisho ya pengo, na mwishoni huwekwa x1, yaani nakala moja. Pia hutaja toleo la ramani ya DNA lililotumika. Ripoti mbili zikitumia matoleo tofauti, pengo moja litaonekana kuwa na anwani mbili, msomaji asishtuke.

Je, inawezekana kujua kabla mtoto hajazaliwa?

Inawezekana. Sampuli ya kondo la nyuma huchukuliwa kuanzia wiki ya 11 hivi, au maji ya chupa ya uzazi kuanzia wiki ya 15, na seli zake hupimwa kwa njia zilizotajwa. Vipimo hivi huingiza sindano mahali penye mimba, na hubeba hatari ndogo ya mimba kuharibika.

Kipimo cha damu ya mama kinachochunguza vipande vya DNA ya kondo la nyuma kina usahihi mkubwa kwa kromosomu ya ziada ya 21. Kwa delisheni ndogo si hivyo: kwa kuwa hali zenyewe ni nadra, sehemu kubwa ya majibu yanayodokeza upotevu huja kuwa si kweli. Uamuzi wowote mzito usifanywe kwa jibu hilo pekee bila kuthibitisha kwa seli za mimba yenyewe. Hili nalisisitiza kwa sababu tofauti kati ya kuchuja na kuthibitisha mara nyingi haielezwi kwa maneno yanayoeleweka.

Mtoto anayefuata atakuwa na hali hiyohiyo?

Inategemea wazazi walivyo, na hilo hupimwa. Ikiwa wote wawili wana kromosomu nzima, upotevu ulitokea upya, na uwezekano wa kujirudia kwa kawaida ni chini ya asilimia 1. Haifiki sifuri kwa sababu mzazi anaweza kuwa na kundi dogo la seli zenye upotevu ndani ya ovari au korodani tu, lisiloonekana katika damu.

Ikiwa mzazi mmoja ana upotevu uleule, kila mimba ina uwezekano wa nusu kwa nusu. Takribani mtu mmoja kati ya kumi wenye upotevu wa 22q11.2 ameurithi, na mara kadhaa mzazi hugundua hali yake mwenyewe siku ile mtoto anapopimwa. Ghafla ile sauti ya puani au ugumu wa hesabu aliokuwa nao utotoni hupata maelezo. Ikiwa mzazi ana vipande vilivyohamishana, hesabu hutegemea ni kromosomu zipi na mikato iko wapi, na hapo mshauri wa masuala ya urithi ni wa lazima.

Upo pia upotevu unaozuia uzazi wenyewe. Tangu mwaka 1976 inajulikana kwamba baadhi ya wanaume wasio na mbegu katika shahawa wamepungukiwa na sehemu za mkono mrefu wa kromosomu Y. Baadhi yao wanaweza kupata mtoto kwa msaada wa maabara, na mtoto huyo akiwa wa kiume atairithi Y ileile.

Upotevu wa kromosomu unahusianaje na saratani?

Kwa undani sana. Seli ina jeni zinazoizuia kugawanyika ovyo, na kuzipoteza ni kama kukata breki. Mwaka 1971 Alfred Knudson, akichunguza saratani ya jicho iitwayo retinoblastoma, alieleza kwamba ni lazima nakala zote mbili za jeni ziharibike ndipo uvimbe uanze. Mtoto aliyezaliwa na upotevu wa 13q14 amekwisha kupoteza nakala moja katika kila seli, na seli yoyote ya retina ikipoteza ya pili ugonjwa huanza. Macho yake huchunguzwa mara kwa mara tangu uchanga. Vilevile, mtoto aliyezaliwa bila iris, yaani sehemu yenye rangi ya jicho, kwa sababu ya upotevu wa 11p13 anaweza kupata uvimbe wa figo uitwao Wilms, na hupigwa picha ya mawimbi ya sauti kila baada ya miezi 3 katika miaka ya mwanzo.

Mara nyingi zaidi, upotevu hutokea ndani ya seli za saratani tu, na mgonjwa hakuzaliwa nao. Huko huongoza tiba. Wagonjwa wa leukemia ya limfosaiti ya muda mrefu (aina ya saratani ya damu) waliopoteza 17p, yenye jeni ya TP53, hawaitikii vizuri dawa za kawaida za kemikali na hupewa nyingine. Katika uvimbe fulani wa ubongo, kupotea kwa 1p na 19q kwa pamoja ni habari njema, kwani huonyesha aina inayoitikia tiba.

Je, kila upotevu ni ugonjwa?

Hapana, na hili husahaulika. Kila mmoja wetu ana mapengo madogo aliyorithi ambayo hayamfanyi chochote. Mengine hata yana faida. Watu wenye upotevu wa herufi 32 katika nakala zote mbili za jeni ya CCR5 hukingwa vikali dhidi ya aina nyingi za virusi vya UKIMWI, kwa sababu mlango ambao virusi hivyo hutumia kuingia katika seli haupo. Na katika maeneo yenye malaria, upotevu wa jeni moja ya alfa-globini, sehemu ya protini ya damu inayobeba oksijeni, umeenea sana kwa kuwa anayeubeba hupata malaria kali kwa nadra zaidi, ingawa upotevu wa jeni zote nne za alfa huua mtoto tumboni au mara tu anapozaliwa.

Kufupika kwa telomea ni delisheni?

Si hivyo, ingawa herufi hupotea kweli. Telomea ni vifuniko vya ncha za kromosomu, vimejaa fungu la herufi sita linalojirudia maelfu ya mara, na hufupika kidogo kila seli inapogawanyika. Hazina jeni ndani yake, na vipimo vya delisheni havizipimi.

Kuna tiba?

Hakuna njia ya kurudisha kipande kilichopotea katika kila seli ya mwili. Kinachotibiwa ni matokeo yake, na hapa kujua jina la upotevu kunabadilisha mengi. Mtoto mwenye 22q11.2 hupimwa kalsiamu kabla hajapata degedege. Hupimwa kingamwili kabla ya kupewa chanjo zenye vijidudu hai. Na akihitaji upasuaji wa moyo akiwa mchanga, huongezewa damu iliyopitishwa kwenye mnururisho ili seli hai za mchangiaji zisimshambulie. Mtoto wa Prader-Willi huanzishiwa homoni ya kukua na mpango mkali wa chakula kabla njaa haijaanza. Tiba ya viungo na ya usemi huleta faida kubwa zinapoanza mapema, bila kungoja mtoto achelewe.

Ripoti inasema umuhimu wa upotevu haujulikani. Tufanye nini?

Maana yake ni kwamba pengo lipo, lakini watu wenye pengo kama hilo walioripotiwa hawajatosha kuonyesha kama linadhuru. Si jibu la ugonjwa, na si jibu la uzima. Hatua ya kwanza ni kuwapima wazazi: likiwa limerithiwa kutoka kwa mzazi mzima, uwezekano wa kuwa ndilo chanzo cha matatizo ya mtoto hupungua, japo hauondoki. Hatua ya pili ni kuitunza ripoti yenyewe, pamoja na zile nambari ndefu na toleo la ramani, na kuomba isomwe upya baada ya miaka miwili au mitatu. Sampuli mpya ya damu mara nyingi haihitajiki kwa kazi hiyo, kwa kuwa pengo ni lilelile na kinachotafutwa ni visa vilivyoongezeka tangu ripoti ilipoandikwa.